Jezi na Utani

Chekereni ni kijiji cha nchi tambarare, kusini ya mji wa Moshi, nchi ya mashamba ya mpunga. Maji ya mito itokayo upande wa mlimani huletwa huko kwa mifereji, na kila shamba hunyweshwa kwa zamu yake. Mpunga ukiisha kuvunwa, na udongo ukiisha kukauka, watoto hupata uwanja usio na gharama. Saa za jioni, jua linapopungua ukali na Kibo kinapojitokeza katika mawingu, huonekana makundi yao wakifukuza mpira juu ya mabua makavu.

Mtu akisimama ukingoni mwa mfereji na kuwatazama, huona jambo moja mapema. Kabla ya mpira kupigwa, watoto hugawana pande mbili, na upande mmoja huvua mashati. Ndipo mchezo huanza. Kwa nini hufanya hivyo? Kwa sababu mpira huenda mbio, wala mchezaji hana nafasi ya kutazama uso wa kila mtu na kumwuliza, "Wewe u wa kwetu, ama u wa kwao?" Jicho lataka alama ya kuonekana upesi. Mwenye shati ni wa upande huu, asiye na shati ni wa upande ule, basi, yatosha.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jezi: kumtambulisha mwenzi na mpinzani. Lakini mmoja wa watoto hao akipewa siku moja fulana nyekundu ya Simba, au ya kijani na njano ya Yanga, huivaa shambani na kisimani, na pengine hulala nayo. Alama ya saa moja imekuwa alama ya maisha. Jinsi alama ilivyogeuka kuwa pendo, na jinsi pendo hilo lipasavyo kulindwa lisigeuke kuwa uadui, ndiyo habari ya somo hili.

ASILI YA JEZI

Neno jezi limetoka katika lugha ya Kiingereza. Katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa kipo kisiwa kiitwacho Jersey, ambacho watu wake walisifiwa tangu zamani kwa ufundi wa kufuma sufu. Fulana nzito za sufu zilizovaliwa na wavuvi ziliitwa kwa jina la kisiwa hicho, na baadaye wachezaji wa mpira nao wakazivaa ili kujikinga na baridi. Hivyo jina la kisiwa kidogo cha nchi ya baridi lasikika leo katika mashamba ya mpunga chini ya Kilimanjaro. Jezi za siku hizi hazifumwi tena kwa sufu. Hufanywa kwa nyuzi nyepesi za kiwandani, zinazokauka upesi mtu atokapo jasho.

Hapo mwanzo timu nyingi za Uingereza hazikuwa na nguo za namna moja. Wachezaji walivaa walichokuwa nacho, wakajitambulisha kwa kofia au kwa kitambaa cha rangi. Tarehe 30 Novemba 1872 nchi mbili zilikutana kwa mara ya kwanza katika mchezo wa mpira wa miguu, nazo ni Scotland na Uingereza, mjini Glasgow. Waskoti walivaa fulana za rangi ya buluu iliyoiva, na Waingereza walivaa nyeupe. Mchezo ulikwisha bila bao. Tangu siku hiyo miaka zaidi ya 150 imepita, na wachezaji wote wa siku ile wamekufa. Lakini Scotland huvaa buluu hata leo, na Uingereza huvaa nyeupe. Rangi huishi kuliko watu.

Sheria za mpira zaamuru kwamba timu mbili zishindanazo zivae rangi ambazo haziwezi kuchanganywa, na refarii asifanane nazo. Kipa naye hana budi kuvaa rangi yake peke yake, kwa kuwa yeye ameruhusiwa kushika mpira kwa mikono, na refarii yampasa amjue mara moja katikati ya msongamano. Kwa sababu hiyo kila klabu kubwa huweka jezi za namna mbili au tatu: moja ya nyumbani, ambayo ndiyo rangi yake ya asili, na nyingine ya ugenini, ya kuvaliwa rangi za timu mbili zinapofanana.

Nambari mgongoni zilikuja baadaye. Tarehe 25 Agosti 1928 klabu mbili za London, Arsenal na Chelsea, zilicheza zikiwa na nambari. Mwaka 1933, katika mchezo wa mwisho wa kugombea Kombe la Uingereza, wachezaji wa Everton walivaa nambari 1 hata 11, na wale wa Manchester City walivaa 12 hata 22. Kwa hiyo hapakuwa na watu wawili uwanjani wenye nambari moja. Siku hizi kila timu ina nambari zake, na mtoto aliyepata jezi yenye nambari ya mchezaji ampendaye hujiona kama amepewa sehemu ya nguvu zake.

Pengine rangi ya klabu hupatikana kwa njia isiyotazamiwa. Klabu ya Juventus ya Italia, iliyoanza mwaka 1897, ilikuwa ikivaa jezi za rangi ya waridi. Mwaka 1903 ikaletewa kutoka Uingereza jezi mpya zenye misitari myeusi na myeupe, mfano wa zile za klabu ya Notts County. Ikazivaa, ikazizoea, na leo watu wa Italia wakiona misitari hiyo hawakumbuki Uingereza hata kidogo, husema, "Hao ni Juventus." Pendo halikuuliza rangi imetoka wapi.

KITAMBAA CHENYE NENO

Mtu mwenye akili aweza kuuliza: kitambaa chawezaje kupendwa namna hii? Jibu lake si geni kwa watu wa Kilimanjaro. Wachaga wanao mmea uitwao isale, wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani mwa vihamba. Kwa macho ni mmea kama mimea mingine. Lakini mtu aliyemkosea jirani yake akienda kwake na jani la isale mkononi, jani lile husema neno lisiloweza kudharauliwa, yaani, "Nimekosa, naomba amani." Kwa desturi aliyekosewa hana budi kumsikiliza. Nguvu haimo katika jani. Imo katika mapatano ya watu ambao kwa vizazi vingi wameliheshimu.

Ndivyo ilivyo bendera, na ndivyo ilivyo jezi. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, askari wa nchi, alisimamisha bendera mpya na mwenge juu ya kilele cha Kibo. Bendera ilikuwa kipande cha nguo, lakini hakuna aliyedhani kwamba kilichofika juu ni nguo tu. Mwezi wa Julai 2023 klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilipeleka jezi yake mpya katika kilele hicho hicho cha Uhuru, kilicho meta 5,895 juu ya bahari, ili ionyeshwe huko kwanza. Klabu ya mji wa pwani, ambako watu hulala bila blanketi, iliipandisha fulana yake mahali pa barafu. Wapenzi wake walifurahi; wapenzi wa Yanga wakapata jambo la kucheka. Lakini pande zote mbili zilielewa maana yake: kitu kipendwacho huinuliwa juu.

WALIOTANGULIA MPIRA

Wako wadhanio kwamba mashindano ya mavazi yameletwa na mpira. Sivyo. Kabla mpira haujaenea, miji ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na ngoma iitwayo beni. Ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, na Mombasa palikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Kingi na Scotchi. Baadaye ilienea Tanganyika, na huko vyama viwili vilivyojulikana kuliko vyote viliitwa Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mavazi yake, vyeo vyake na tarumbeta zake. Wachezaji walijipanga safu kama askari, na kila chama kilitafuta kukishinda kingine kwa uzuri wa nguo, kwa maneno ya nyimbo na kwa wingi wa karamu.

Katika vyama hivyo mtu aliyetoka mbali, asiye na ndugu mjini, alipata watu wa kumtazama akiugua na kumzika akifa. Vazi la chama lilikuwa kama hati: aliyelivaa alijulikana kuwa ana wenzake. Beni ilipopungua, mpira ulikuwa umekwisha kushika miji, na desturi nyingi zile zile zikaonekana tena katika klabu.

KLABU MBILI ZA KARIAKOO

Katika Tanzania hakuna jezi zinazojulikana kuliko za Yanga na Simba. Yanga, ambayo jina lake kamili ni Young Africans, ilianza mwaka 1935. Simba ilianza mwaka 1936, na yasimuliwa kwamba waanzilishi wake ni watu waliojitenga na wenzao wa klabu ile ya kwanza. Basi tangu mwanzo hawa ni kama watoto wa nyumba moja waliogombana. Simba ilikuwa na majina mengine kwanza. Iliitwa Queens, kisha ikaitwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza ivaayo misitari myekundu na myeupe. Jina la Simba lilichukuliwa mwaka 1971. Nyumba za klabu hizi zote mbili zipo Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, na mtu aweza kutoka moja hata nyingine kwa miguu. Simba huitwa Wekundu wa Msimbazi, kwa jina la mtaa wao. Yanga huitwa Wanajangwani, kwa jina la mtaa wa Jangwani.

Simba huvaa nyekundu na nyeupe. Yanga huvaa kijani na njano. Rangi hizi zimetoka uwanjani zikaingia katika kila jambo. Mwendesha pikipiki hufunga kitambaa cha rangi yake katika usukani. Mwenye kibanda cha kunyoa hupaka ukuta rangi yake, na mteja wa upande wa pili huingia akinung'unika kwa mzaha. Wako watu wa Yanga wasiokubali kununua shati jekundu hata likiwa rahisi, na watu wa Simba wasioweza kuketi katika kiti cha kijani ikiwa kipo kingine. Katika miaka ya 2010 kampuni moja iliyoidhamini ligi ilikuwa na nembo nyekundu, nayo ilipasa kushonwa katika jezi za timu zote. Yanga hawakukubali wekundu ule ukae kifuani mwao, hata nembo hiyo ikawekwa kwao kwa rangi nyeusi. Mgeni angaliweza kucheka kwamba watu wazima wamegombania doa la rangi. Lakini mwenyeji alijua kwamba waligombania jina lao.

Kila mwaka, kabla ya ligi kuanza, klabu hizi huonyesha jezi mpya. Simba wana Siku ya Simba, iliyoanza mwaka 2009, ambayo desturi yake ni tarehe 8 Agosti, nayo ndiyo Sikukuu ya Wakulima. Yanga wana Wiki ya Mwananchi, iliyoanza mwaka 2019. Siku hizo uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, uitwao Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000, huwa rangi moja tupu. Wapenzi wa Moshi, walio mbali zaidi ya kilometa 500, huweka akiba ya fedha wakasafiri kwa basi usiku kucha. Wasioweza kusafiri hukusanyika penye runinga, au husikiliza redio.

Jezi ya kweli huipatia klabu fedha. Kwa hiyo wako watu wadanganyifu wanaotengeneza jezi za kuiga na kuziuza kwa bei ndogo. Mtu akinunua jezi ya namna hiyo akijua, avaa rangi ya klabu yake huku akimsaidia mwizi wa klabu hiyo. Mpenzi mwenye haki, asipokuwa na fedha za kutosha, huvaa ile ya zamani iliyopauka. Wala si aibu. Jezi iliyopauka huonyesha ya kuwa mwenyewe hakuanza kupenda jana.

SIKU YA KUSHINDWA

Uaminifu hauonekani siku ya kushinda. Siku hiyo hata asiyejua mpira huvaa jezi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mpenzi wa timu hupimwa vivyo hivyo.

Klabu hizi mbili zimepeana uchungu mwingi. Mwaka 1968 Yanga iliishinda Simba, iliyokuwa ikiitwa Sunderland wakati ule, kwa mabao 5 bila. Mwaka 1977 Simba ililipa kwa mabao 6 bila. Mwaka 2012 Simba ilishinda tena, 5 bila. Na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilishinda 5 kwa 1. Kila mara kesho yake ilikuwa siku ya mtihani. Mpenzi aliyeshindwa alijua kwamba njiani, dukani na kazini wanamngoja. Wengine walificha jezi chini ya sanduku. Wengine walivaa, wakatoka nje, wakastahimili maneno tangu asubuhi hata jioni. Hao wa pili ndio walioshika maana ya mithali isemayo, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ziko siku ambazo uchungu ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1993 Simba ilifika mchezo wa mwisho wa kugombea Kombe la CAF, ambalo lilikuwa mashindano ya klabu za Afrika. Ilikwenda Abidjan kucheza na Stella, ikatoka sare bila bao, na Dar es Salaam ikajaa matumaini. Katika mchezo wa pili, nyumbani, ikafungwa mabao 2 bila. Mwaka 2023 Yanga nayo ilifika mwisho wa Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilifungwa nyumbani 2 kwa 1 na USM Alger. Kisha ikaenda Algiers na kushinda 1 bila, lakini kombe likabaki huko, kwa sababu mabao yakiwa sawasawa, bao la ugenini lilihesabiwa zaidi. Mwaka 2025 Simba ikafika mwisho wa kombe hilo hilo, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Hata hivyo mara zote hizi wapenzi hawakuhama. Mwaka uliofuata walivaa rangi ile ile.

Hadithi ya Brazil ni ya namna nyingine. Mwaka 1950 timu ya Brazil, ikivaa nyeupe, ilishindwa na Uruguay 2 kwa 1 katika uwanja wake wa Maracanã, na Uruguay ikachukua Kombe la Dunia mbele ya watu wengi sana. Wabrazil walihuzunika hata wakaiona jezi nyeupe kuwa ya mkosi. Gazeti moja likatangaza mashindano ya kubuni jezi mpya yenye rangi zote za bendera ya nchi. Aliyeshinda ni kijana aitwaye Aldyr Garcia Schlee. Alichora fulana ya njano yenye mapambo ya kijani, na kaptura ya buluu. Ilianza kuvaliwa mwaka 1954, na leo yajulikana duniani kote. Wabrazil waliiacha fulana, lakini hawakuiacha timu. Kwa hiyo yaonekana kwamba jezi ni mtumishi wa uaminifu, wala si bwana wake.

UTANI NA MIPAKA YAKE

Yanga na Simba huitwa watani wa jadi. Neno hili halikuchaguliwa bure. Utani ni desturi ya zamani katika Tanzania, yenye sheria zake, ingawa hazikuandikwa. Wachaga na Wapare ni watani. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, nao wakaja kuwa watani. Mtani ana ruhusa ya kumdhihaki mwenzake mbele ya watu. Aweza kumwita bahili, mwoga au mvivu, na kumnyang'anya kitu kidogo, na mwenye kudhihakiwa hana ruhusa ya kukasirika. Atatafuta neno la kurudisha.

Lakini ruhusa hiyo huja pamoja na wajibu. Mtani akifiwa, mwenzake huja. Atachekesha matangani ili huzuni ipungue, lakini pia atachimba kaburi, atachota maji na kupasua kuni. Anayechukua ruhusa ya kutania na kukataa wajibu wa kusaidia si mtani. Huyo ni mtukanaji.

Kwa sheria hii ushabiki wote waweza kupimwa. Yanga ikishindwa, mtu wa Simba ana haki ya kumpigia jirani yake hodi mapema na kumwuliza kwa upole kama amelala vizuri. Ana haki ya kumpelekea salamu za rambirambi ilhali hakuna aliyekufa. Hayo ni mambo ya utani, na kesho zamu itageuka. Matawi ya klabu hizi yaliyo katika miji na vijiji huchangiana katika msiba na ugonjwa. Na pengine katika maziko ya mpenzi mkubwa bendera ya klabu yake hulazwa juu ya jeneza, nao watu wa rangi ya pili husimama kando yake kwa heshima.

Lakini mtu akichana jezi ya mwenzake, akimpiga, akimtukana mamaye, au akimnyima haki yake kwa ajili ya rangi, amevuka mpaka. Hapo utani umekufa na uadui umezaliwa. Kenya nako klabu mbili kubwa, Gor Mahia ivaayo kijani na AFC Leopards ivaayo buluu na nyeupe, zimeona siku za ghasia na mawe. Lakini watu huita mchezo wao mchezo wa mashemeji. Jina hilo lakumbusha kwamba wanaoshindana wameoana, na wajukuu wao ni wamoja.

JEZI IFUNIKAYO JEZI ZOTE

Iko jezi moja inayozifunika nyekundu na kijani, nayo ni ile ya buluu ya timu ya taifa, Taifa Stars. Tanzania ilicheza katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 huko Nigeria, kisha ikakaa miaka 39 bila kurudi. Tarehe 24 Machi 2019 ilikutana na Uganda mjini Dar es Salaam, na ilipasa kushinda. Bao la kwanza lilifungwa na Simon Msuva, aliyewahi kuwa mchezaji wa Yanga. La pili lilifungwa na Erasto Nyoni, aliyekuwa mchezaji wa Simba. La tatu lilifungwa na Aggrey Morris wa Azam. Uganda haikupata kitu, na Tanzania ikaenda Misri.

Siku ile mtu wa Yanga alimshangilia Nyoni, na mtu wa Simba alimshangilia Msuva, wala hakuna aliyeona kwamba amesaliti rangi yake. Nyumba kubwa ina vyumba vingi. Mtu hupenda chumba chake, lakini moto ukiwaka hakuna aulizaye ni chumba cha nani.

MAJI HAYANA RANGI

Jioni huisha huko Chekereni. Watoto huokota mashati yao, na wale waliokuwa wapinzani hurudi nyumbani kwa njia moja. Wazee wao wanajua jambo ambalo watoto watajifunza baadaye. Mpunga hutaka maji kwa wakati wake, na maji ni ya zamu. Shamba la mtu wa Simba laweza kuwa juu ya mfereji, na la mtu wa Yanga likawa chini yake. Wa juu akikawia kufunga njia ya maji kwa sababu ya hasira ya mchezo wa jana, mpunga wa jirani utanyauka, na nyumba nzima, pamoja na watoto wasiojua mpira, itakosa chakula. Bao hurudishwa msimu ujao, lakini shamba lililokauka halirudishwi na mtu.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara huvaa jezi yake akiwa na jembe begani, humtania jirani yake mpaka machozi ya kicheko yawatoke wote wawili, kisha huinama na kumfungulia maji saa yake itimiapo. Huyo ameijua jezi kazi yake.

Maswali

1. Kwa nini watoto wa Chekereni huvua mashati upande mmoja kabla ya kucheza?
2. Kwa nini kipa huvaa rangi isiyofanana na ya wenzake?
3. Jani la isale na jezi zafanana kwa jambo gani?
4. Eleza jinsi vyama vya beni vilivyowafaa watu waliotoka mbali.
5. Ruhusa ya mtani ni ipi, na wajibu wake ni upi?
6. Wabrazil walibadili nini baada ya mwaka 1950, na hawakubadili nini?
7. Andika habari ya watu wawili wa kijiji chako wapendao timu mbalimbali. Je, ni watani au ni maadui? Toa sababu.